Kazi Niliyompa Mtani wa Mama

Siku mama yangu alipoambiwa kwamba ana saratani, alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Newala, ukungu bado umelala juu ya mikorosho. Aliyemwambia alikuwa fundi baiskeli, na aliyemtuma fundi baiskeli ni mimi. Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa kwa kuanzia kwingine, kwenye uvimbe au kule hospitali, na kila mara nimejikuta natafuta mahali pa kujificha. Kwa hiyo nimeanzia kwenye kicheko. Sasa nirudi nyuma.

Uvimbe ulijitokeza mwezi Machi, chini ya taya la kushoto, ukubwa wa korosho yenye ganda lake. Mama aliwaonyesha watu kama kitu cha kuchekesha, akawaambia ameota jino la nje. Alikuwa mkulima, na siku za wiki alipika uji wa watoto wa chekechea ya kanisa. Kufika Mei uvimbe ulikuwa kama yai, shuka lake lilikuwa likiamka limelowa jasho, na gauni lake la Jumapili lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani. Mimi, binti yake, nilikuwa nimemaliza chuo Dar mwaka uliotangulia, sina kazi, nimerudi nyumbani kula ming'oko ya mama, vile viazi mwitu vya kwetu, na kubishana na kila mtu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya misheni, kule chini upande wa Masasi. Walimkata kinyama kidogo shingoni, wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi, mama alikuwa amelala wodini, na daktari akatuita kwanza mimi na mjomba.

Mjomba ni kaka wa pekee wa mama, mwalimu mstaafu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno zito katika ukoo ni la mjomba. Baba alikwishafariki, lakini hata angekuwa hai, siku ile angekaa pembeni asubiri kusikia mjomba amesemaje.

Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Alisema ugonjwa unaitwa limfoma, saratani ya tezi, na kwamba hii ya mama ni aina inayokwenda mbio. Nilimuuliza amejuaje. Nilimuuliza nani amesoma kipimo na kama msomaji anaweza kukosea. Alijibu yote bila kukasirika. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika nyuma ya bahasha ya majibu: kwa sababu ugonjwa huu unakua haraka, dawa nazo huupata vizuri. Dripu sita, Dar, kila baada ya wiki tatu. Wapo wanaopona kabisa. Ila akikatisha katikati unaweza kurudi, na ukirudi hausikii dawa kama ulivyosikia mwanzo. Mjomba akauliza, bila dawa je? Daktari akasema miezi, si miaka.

Halafu akauliza kama aingie yeye kumweleza mgonjwa. Mjomba akasema hapana, sisi wenyewe tutamwambia, nyumbani, kwa utaratibu. Daktari akanigeukia mimi, maana aliona mimi ndiye mwenye maswali. Nikaitikia kwa kichwa.

Hatukumwambia. Tulipotoka tu, mjomba alinisimamisha karibu na bomba la kunawia mikono, akanikumbusha habari ya bibi. Bibi, mama yao, aliambiwa na nesi kwamba ana saratani ya kizazi. Siku hiyohiyo aligeukia ukutani akaacha kula, na wiki mbili baadaye wakamzika.

"Ugonjwa haukumwua," mjomba alisema. "Lile neno ndilo lililomwua. Kwa dada yangu halitatamkwa."

Nilimwambia hiyo si hoja. Nilimwambia bibi alikuwa anakufa tayari, neno halina sumu, na mama ana haki ya kujua kilichomo ndani ya mwili wake mwenyewe. Mjomba hakubishana. Alisema tu, "Basi nenda ukamwambie." Akakaa kwenye ukingo wa saruji, akavua kandambili moja na kuanza kuondoa mchanga. Nilitembea mpaka mlango wa wodi. Mama alikuwa ameketi kitandani akimsuka mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu ambaye hata hakumfahamu. Aliniona akauliza wamesemaje. Nikasema ni tezi, ina dawa, dawa ipo Dar.

Mimi niliyewahi kumwambia mhadhiri mbele ya darasa zima kwamba hajasoma kitabu anachokifundisha. Mimi niliyeacha kupokea komunio kwa sababu padri hakunijibu vizuri. Hatua kama kumi na tano kutoka bombani hadi kitandani zilinishinda.

Tulikwenda Dar mara tatu: Julai, mwanzoni mwa Agosti, na mwishoni mwa Agosti. Watu huniuliza mama alikosaje kujua akiwa amekaa chumba kimoja na watu wasio na nywele, wote wamechomekwa dripu. Aliwaona. Aliniuliza. Nilimwambia wao wana shida nyingine, chumba ndicho kimoja. Nywele zake zilipoanza kubaki kwenye kitana, nilimwambia dawa ya tezi ni kali. Karatasi zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa Kiingereza katika nyumba yetu nilikuwa mimi. Kila nesi aliyeuliza kama mgonjwa ameelezwa, nilisema ameelezwa. Nililisema hilo kwa urahisi zaidi kadiri safari zilivyozidi. Sikujua kwamba uongo huzoeleka mdomoni namna ile.

Na dawa ilifanya kazi. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Baada ya dripu ya tatu uvimbe uliyeyuka. Asubuhi moja mama alisimama mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa karibu na tangi la maji, akabonyeza shingo upande huu na upande ule, akaniita nami nibonyeze. Hapakuwa na kitu. Jasho lilikuwa limekoma. Alikuwa amemaliza sahani ya ugali na kisamvu na kuomba nyingine. Mama mdogo, mdogo wake anayekaa naye, alipiga kigelegele uani.

Dripu ya nne ilikuwa wiki ya tatu ya Septemba. Siku kumi kabla, korosho za kwanza zilianza kuanguka, na mama akatangaza haendi Dar.

Nilimkumbusha kwamba daktari kasema sita. "Daktari kasema sita kwa mwenye tezi," alijibu. "Mimi tezi yangu iko wapi? Nionyeshe." Nilimwambia mimi na mama mdogo tutaokota korosho zote. Akacheka, akasema mimi tangu nirudi kutoka chuo naokota korosho kama mtu anayetafuta kitabu. Nilimwambia itarudi. Akaniuliza, tezi gani inayorudi? Mwaka fulani alipata jipu, likapasuliwa, likapona, halikurudi. Nilikwenda kwa mjomba. Nilitegemea angalau yeye ashtuke. Lakini mjomba alikuwa amemwona dada yake akila, na moyo wake ulikuwa umeamua. Alisema tumwache amalize msimu, tutakwenda mwezi wa kumi na mbili, mwili nao utakuwa umepumzika.

Nikajua kwamba kuna kitu kimoja tu kitakachompandisha mama kwenye basi, nacho ni lile neno. Angelisikia, angekwenda. Nilikuwa na siku tisa za kulisema. Nikatafuta mtu wa kunisemea.

Hapa lazima nieleze habari ya utafiti wangu, ingawa natamani kuiruka. Mwaka wa mwisho chuoni niliandika juu ya utani wa makabila ya kwetu, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, hasa kwenye misiba. Kila aliyekulia Masasi au Newala amewaona watani msibani: wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanalala ndani ya kaburi wakidai limekuwa finyu, wanakataa jeneza lisitoke mpaka wafiwa wawatulize kwa chochote. Mimi niliandika kwamba utani ndiyo nafasi pekee katika jamii yetu ambayo mtu anaruhusiwa kusema ukweli mtupu bila kuadhibiwa. Msimamizi wangu aliipenda sana sentensi hiyo. Mmoja wa watu niliowahoji alikuwa fundi baiskeli mmoja wa Chiungutwa, Myao, mtani wa mama tangu walipokuwa vijana Lulindi, yeye akijifunza ufundi na mama akiimba kwaya.

Nikapanda bodaboda mpaka Chiungutwa. Nilimkuta amekaa chini, tyubu iko ndani ya beseni la maji, anatafuta tundu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza Newala, kwetu kusiko na maji, leo wameoga au wanasubiri mvua. Nikamweleza yote. Limfoma, dripu sita, korosho, mjomba. Aliitoa tyubu majini akaikausha kwa kitambaa taratibu. Aliniuliza kwa nini nisiseme mwenyewe. Nikamwambia mjomba amekataza. Akasema, basi mjomba akinisikia mimi? Nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe, niliyokuwa nimeyarekodi: mtani hana mwiko. Akapaka gundi kiraka, akasubiri ikauke. Kisha akasema atakuja Jumamosi. Hakuonekana kufurahi. Nililiona hilo, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Alikuja kweli, amevaa shati la vipande vya rangi mbili ambalo alikuwa akilivaa msibani tu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akitenga korosho nzuri na mbovu. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Mmakonde, bado upo?"

"Nipo, Myao. Leo umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kuchukua vipimo vya kaburi. Nasikia unakufa."

"Nani kakudanganya?"

"Una saratani," alisema. "Usipokwenda Dar wiki ijayo kuchomwa dripu, Krismasi hufiki. Nimeona niwahi sufuria zako kabla Wamakua hawajabeba."

Mama aliweka ungo chini. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akashika ubavu, akamwita mama mdogo aje asikie. "Myao leo kaniletea ugonjwa wa wakubwa. Mwaka juzi alisema nina mimba ya kobe. Sasa nimepanda cheo."

"Nasema kweli, Mmakonde."

"Na mimi nasema kweli, utatangulia wewe. Na hapa hatuna maji ya kumwaga, nitakuosha kwa umande."

Mtani hakucheka. Alinitazama pale mlangoni. Mama naye akageuka, machozi ya kicheko yamemjaa, akaniuliza, "Unamsikia mtani wako lakini?"

Ilikuwa nafasi yangu. Neno lilikuwa limekwishatamkwa, limelala pale mkekani katikati ya korosho, na nilichotakiwa kusema ni kimoja tu: mama, hatanii. Mjomba hakuwepo. Hapakuwa na bomba, wala wodi, wala mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama yeye.

Mtani alikula chakula cha mchana nasi, akatania kidogo juu ya mboga, akaondoka mapema. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama naona mama ameelewa. Nikasema ameelewa, ndivyo alivyo, anaficha mambo kwenye kicheko. Nilikuwa na nadharia tayari. Nilijiambia usiku huo, na siku zote zilizofuata, kwamba mama sasa ameambiwa, kwamba ameamua mwenyewe, kwamba mtu mzima akichagua korosho badala ya hospitali ni lazima niheshimu uamuzi wake. Tarehe ya dripu ilipita. Niliokota korosho pembeni yake tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali, na alikuwa na furaha, akiimba, kichwa chake kikiwa na nywele mpya fupi kama za mtoto. Nilikuwa mwepesi. Siwezi kusema vingine. Zile wiki zilikuwa nzuri.

Mwezi Novemba uvimbe ulirudi, mara hii pande zote mbili za shingo na kwenye kwapa la kulia. Haukuja taratibu. Jumapili alikuwa kanisani, Jumapili iliyofuata alishindwa kufunga kifungo cha shingoni. Mjomba alipomwona, alikaa kwenye ngazi ya nyumba akafunika uso kwa kofia. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulipanda basi la kwanza la Dar.

Walijaribu dawa nyingine. Mama aliumwa sana kwa dawa hiyo, na uvimbe haukujali. Baada ya wiki kadhaa daktari wa kule, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniita ofisini akasema kuendelea ni kumtesa. Akaniuliza swali lile lile nililokuwa nimelijibu mara nyingi: mgonjwa anafahamu hali yake?

Nikasema hapana. Nikasema faili lote limeandikwa anafahamu, na aliyesema anafahamu ni mimi, na hajui chochote.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza tu nani atamwambia, yeye au mimi, akaongeza kwamba safari hii atakuja kuhakikisha. Nikasema mimi.

Ilikuwa saa nane mchana. Mama alikuwa kwenye benchi la nje, kivulini, kanga ameifunga shingoni kuficha. Nilikaa chini, sikukaa kwenye benchi, nikamwambia ana saratani, tunajua tangu Mei, dawa zilikuwa zinaimaliza, tulipokatisha ikarudi, na sasa madaktari hawana dawa ya kuiondoa. Nilisema yote bila kupumua. Ilichukua labda dakika mbili. Miezi saba nilikuwa nimeikimbia dakika mbili.

Alitazama geti kwa muda. Mtu mmoja alipita amebeba ndoo ya ndizi. Kisha akauliza, "Kaka yangu anajua?"

"Anajua, mama. Tulikuwa wote."

"Na yule Myao. Siku ile ya korosho."

"Nilimtuma mimi."

Aligeuza kichwa kwa shida, kwa sababu ya shingo, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala sitaki tena.

"Ulicheka," alisema. "Nilikuuliza, ukacheka. Mimi nikajua ni utani."

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea juu ya mtu mwingine, "Ningeziacha zioze zote. Korosho ni kitu gani?"

Hakugeukia ukutani. Naliandika hili kwa sababu mjomba, mpaka leo, hajalisema. Jioni ile aliomba wali na samaki, akala nusu. Njiani kurudi hakusema neno na mimi mpaka tulipoanza kupanda mlima wa Newala, aliponiambia nifunge dirisha, baridi inaingia.

Nyumbani alimwita mjomba. Walikaa chumbani wawili, mlango umefungwa, na sijui walichoambiana. Mjomba alipotoka alikwenda moja kwa moja kwake bila kuaga, na kesho yake alirudi alfajiri na baiskeli yake, akasema ni ya kumpelekea dada shambani.

Fundi wa Chiungutwa alikuja wiki hiyo. Alikuwa amesikia. Mama alimwona anaingia uani, akamwahi: "Karibu, Myao. Leo chukua vipimo, leo ni kweli." Yule mzee alisimama pale na kofia mkononi. Kisha akakaa mkekani, na mama akamtania peke yake kwa nusu saa nzima, habari za Lulindi, habari za kwaya, jinsi alivyowahi kuanguka na baiskeli ya padri mbele ya wasichana. Yeye alikuwa akiitikia tu kama mtoto anayesomewa.

Alipoondoka alinivuta pembeni. Hakupandisha sauti. "Mmakonde mdogo, ulinipa kazi isiyokuwa yangu. Mtani anasema jambo ambalo kila mtu pale analijua na hathubutu. Lile mama yako alikuwa halijui. Mimi ningefanya nini? Kwangu mimi yeye hucheka tu." Kisha akasema na yeye ana makosa, kwamba alijua siku ile mama hakuelewa, na hakurudi. Nilitaka kumwambia hana kosa. Sikuweza hata hilo. Nadhani sehemu yangu fulani ilifurahi kugawana kosa hilo.

Mama alitumia muda wake kwa jambo moja. Mikorosho yetu haina ramani. Mingine ilipandwa na bibi, mingine na mama, kuna miti ndani ya shamba letu ambayo ni ya watu wengine, na kuna yetu iliyo ndani ya mashamba ya watu. Aliyekuwa akijua yote ni yeye, na kwa desturi yetu itakuwa yangu mimi, binti yake. Kila asubuhi alipokuwa na nguvu tulimketisha kwenye kiti cha nyuma cha ile baiskeli, mama mdogo akimshikilia mgongo, mimi nikisukuma. Tulikwenda safu moja, mbili. Huu ulipandwa mwaka uliozaliwa. Huu ni wa mjane wa kule juu, usiuguse hata ukikuta zimeanguka. Kutoka kisiki hiki mpaka kile kichuguu. Siku ya kwanza nilichukua daftari. Aliniambia niliweke, nitazame.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga kama ninavyopanga kila kitu, na hoja yangu ilianza na bibi, ikapita kwa mjomba, ikafika kwangu. Asubuhi moja, tumempumzisha chini ya mti ili apate pumzi, nikaanza. Alinisikiliza labda sentensi mbili, akainua mkono.

"La kwako lipo, mama," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na anatazama mbele. "Tutalizungumza. Kwanza tumalize mipaka."

Nilijibu ndiyo. Nikasukuma baiskeli. Siku nilizotaka kumkumbusha, nilimwona anavyohesabu miti kwa macho kabla hatujaifikia, akiogopa kusahau mmoja, nikajiuliza nina haki gani ya kumwondolea hata robo saa. Alikuwa nazo chache, na nimeshaeleza kwa nini zilikuwa chache.

Alikufa Jumanne moja ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, mama mdogo akimnywesha uji. Tulikuwa tumebakiza upande wa bondeni, na la kwangu hatukulifikia. Msimu uliofuata jirani wa upande huo alikuja kunisalimia, akaniambia kwa upole kwamba miti mitatu ya ukingoni ni yake, mama alikuwa akiiokota kwa ruhusa tu. Huenda ni kweli. Nilimwachia.